Malalamiko kuhusu michoro ya kituo kipya cha treni: paa liko juu mno, abiria atalowa

Kampala

Kwa Mkurugenzi wa Usanifu,
Kampuni iliyochora kituo chetu kipya.

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: PAA, KIOO, SAUTI NA NJIA ZA ABIRIA KATIKA MICHORO YENU

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Sisi ni mafundi wa ujenzi, wahandisi na abiria wa treni. Tumeisoma michoro mliyoibandika ili wananchi watoe maoni, na tunaandika kulalamika mapema, kabla zege halijamwagwa.

Tuseme wazi kwamba hatupingi uzuri. Mji huu unastahili kituo ambacho mtu akikiona kutoka barabarani anasimama kidogo. Paa mlilolichora, lenye mbavu za chuma zinazopanda kama mbawa, linapendeza. Tatizo ni kwamba mmelichora kwa ajili ya anayelitazama kutoka nje, na anayesimama chini yake akisubiri treni mmemsahau.

Tuanze na mvua. Ukingo wa paa uko mita 12 juu ya jukwaa la abiria, na jukwaa lina upana wa mita 8, wazi upande wa reli. Mvua ya Kampala hainyeshi wima, hasa ile ya Machi hadi Mei inayokuja na radi na upepo kutoka ziwani. Tone kubwa la mvua huanguka kwa kasi ya mita 7 hivi kwa sekunde. Upepo ukiwa wa mita 5 kwa sekunde, ambao si dhoruba, tone linasogea pembeni mita 5 kwa kila mita 7 linazoshuka. Kutoka mita 12, litakuwa limesogea mita 8 na nusu. Maana yake jukwaa lote linalowa, hadi ukutani, na paa lote zuri liko juu ya vichwa vya watu. Fanyeni hesabu hiyohiyo kwa kipaa kidogo kilicho mita 3.5 juu ya jukwaa: maji yanaingia mita 2.5 tu, na mita 5.5 za jukwaa zinabaki kavu.

Jambo hili si geni. Kituo cha Oriente, Lisbon, kilichosanifiwa na Santiago Calatrava na kufunguliwa mwaka 1998, kina paa la chuma na kioo linalofanana na msitu wa miti, na wageni husafiri kwenda kulipiga picha. Lakini majukwaa yako juu na pande ziko wazi, hivyo abiria hupigwa na upepo na mvua chini ya paa hilohilo. Berlin kosa lilikuwa la namna nyingine. Paa la kioo la kituo kikuu kilichofunguliwa 2006 lilifupishwa kwa zaidi ya mita 100 ili kazi iwahi Kombe la Dunia, na wanaopanda mabehewa ya mwisho ya treni ndefu wakaachwa nje. Tunaitaja Berlin kwa sababu tunajua fedha zikipungua kitu cha kwanza kukatwa kitakuwa paa la majukwaa. Tunaomba mchoro useme kwamba kipaa cha jukwaa hakipunguzwi hata kama mbavu za ukumbi zitapunguzwa.

Ombi letu la kwanza ndilo hilo: mbawa zenu zibaki juu ya ukumbi, lakini juu ya jukwaa kiwekwe kipaa cha pili, mita 3.5 kutoka sakafuni, kwa urefu wote wa treni. Kinaweza kuning'inizwa kwenye nguzo zilezile. Waliojenga vituo vya reli ya zamani, iliyofika Kampala mwaka 1931, walijua faida ya ukingo wa bati ulioshushwa chini.

Sasa maji yakishatua juu ya paa yanakwenda wapi? Paa lote lina mita za mraba 2,400. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, kwa hiyo mvua ya milimita 100 kwa saa, ambayo hapa inaweza kupiga kwa dakika kumi au kumi na tano, ni lita 67 kila sekunde. Mmechora mabomba sita ya milimita 100. Kila moja litatakiwa kumeza lita 11 kwa sekunde, na bomba la ukubwa huo, likiwa safi, tunalipigia hesabu ya lita 5. Yanahitajika 14, au machache ya milimita 150. Kibaya zaidi, mabomba yamefichwa ndani ya nguzo za chuma ili yasionekane. Angalieni mdomo wa bomba pale mbavu mbili zinapokutana: hapo ndipo majani, kavera (mifuko ya plastiki) na kinyesi cha kaloli, wale korongo wakubwa wa mjini, vitakusanyika, vitashikamana na kuwa tope zito, na hakuna mlango wa kuingiza hata mkono. Maji yatapanda kwenye gata (mfereji wa maji wa paa), yatavuka ukingo na kushuka ndani ya ukumbi, huku nguzo ikioza kutoka ndani bila mtu kujua. Mabomba yatoke nje ya nguzo, kila moja liwe na kifuniko cha kufungulia mita moja kutoka chini, na gata ziwe na matundu ya kumwaga ziada nje, chini kidogo ya ukingo wa ndani.

Tukiwa kwenye kaloli: ndege hawa wakubwa wamejaa Kampala, na mbavu zenu zilizolala ni mahali pazuri mno pa kutua. Kinyesi chao hula rangi na chuma, na kitawaangukia abiria. Mbavu zilizo wazi ziwekewe mgongo wenye mwinamo mkali, au nyaya nyembamba zilizokazwa juu yake. Ni kazi ndogo ikifanywa kiwandani, ni kazi ya jukwaa la mafundi na kamba ikifanywa baadaye.

Kioo cha juu ya ukumbi kinatutia wasiwasi kuliko mnavyodhani. Ni mita za mraba 400, kimelala, chini ya anga la ikweta. Saa sita mchana, anga likiwa safi, jua linashusha karibu wati 1,000 kwa kila mita ya mraba, na kioo cheupe cha kawaida kinapitisha kama sehemu nne kati ya tano za joto hilo. Hizo ni kilowati 320, sawa na pasi 320 za wati elfu moja zilizowashwa juu ya watu waliokaa na watoto na mizigo. Feni nane mlizochora zitazungusha joto hilo tu. Kioo kihamishiwe ukutani, juu, upande wa kaskazini na wa kusini. Kwa kuwa tuko karibu kabisa na ikweta, jua la saa sita halishuki chini ya nyuzi 66 mwezi wowote, hivyo kikingio cha sentimita 60 kinatosha kukifunika kivuli kioo chenye kimo cha mita 1.2. Chini ya kioo hicho na juu yake yawekwe matundu ya hewa yasiyofungwa, hewa ya moto ipande itoke yenyewe. Upande wa magharibi, ambako mmeweka ukuta mzima wa kioo kwa ajili ya mandhari, jua la saa kumi litapiga moja kwa moja kwenye dirisha la tiketi. Huo ukuta ujengwe kwa matofali ya nakshi yenye matundu.

Na kioo kikishatoka juu, mnapata dari, na dari ndiyo dawa ya sauti. Ukumbi wa mita 40 kwa 30 wenye kimo cha mita 14 una ujazo wa mita za ujazo 16,800. Sakafu ya graniti, kuta za kioo na paa tupu havimezi sauti. Kwa hesabu yetu mwangwi utachukua zaidi ya sekunde 6 kufifia, na tangazo linahitaji chini ya sekunde 2 ili maneno yasikanyagane. Mama anayeambiwa treni yake imehamia jukwaa lingine atasikia ngurumo. Funikeni dari yote, mita za mraba 1,200, kwa mbao zenye vitundu na sufi ya mawe (nyuzi laini za mawe zinazomeza sauti) ya milimita 50 nyuma yake. Mwangwi utashuka hadi karibu sekunde 2. Sufi hiyo hiyo itazima kelele za mvua juu ya bati, ambazo peke yake zinatosha kufunika kipaza sauti chochote.

Njia ya kupanda jukwaani imetusikitisha. Jukwaa liko mita 1.1 juu ya uwanja wa mbele, na mmeipa njia ya viti vya magurudumu urefu wa mita 8. Huo ni mwinamo wa 1 kwa 7. Inatakiwa 1 kwa 12, yaani mita 13.2, pamoja na sehemu tambarare ya mita 1.5 katikati na vishikio pande zote mbili. Uganda ina Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2020. Hili si la hisani. Njia hiyo ndiyo watakayoitumia pia wenye mikungu ya matooke, magunia na pikipiki za mizigo. Milango ya tiketi ya sentimita 55 haipitishi gunia. Angalau mmoja uwe wa sentimita 120.

Kwenye daraja la kuvukia reli mmeweka ngazi za umeme peke yake. Umeme ukikatika, vipandio vyake vina kimo cha sentimita 20, virefu kwa mzee na kwa mjamzito. Ziwepo ngazi za kawaida pembeni, kipandio sentimita 16 na kina cha 30, na lifti iunganishwe na jenereta. Graniti inayong'aa iondolewe jukwaani kabisa, iwekwe terazo iliyokwaruzwa. Viti vya chuma vilivyopinda viwe vya mbao ngumu, kimo sentimita 45, viwe na mgongo na mikono ya kujiinulia.

Mwisho, karibu kila kioo katika michoro yenu kina kipimo chake. Kimoja kikivunjika, tutaziba kwa turubai hadi kingine kiagizwe. Punguzeni vipimo viwe vitatu au vinne vinavyoweza kukatwa hapa Kampala, na mchore njia ya fundi juu ya paa, yenye nanga za kufungia kamba.

Tunaomba michoro iliyorekebishwa, pamoja na hesabu zenu za mvua, joto na mwangwi, ibandikwe hadharani kabla ya zabuni ya msingi kutangazwa. Kama hesabu zenu zinapingana na zetu, tuonyesheni. Tuko tayari kukaa nanyi mezani siku yoyote ya kazi.

Wenu,

Mafundi, wahandisi na abiria wa treni, Kampala