Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti kwa wanachama

Ndugu wanachama wenzangu, habari za siku. Mambo ya kawaida mnayajua siyarefushi, shuleni tulienda mara mbili kuongea na form four kabla ya mtihani wa Novemba, tukawasaidia barua za maombi na kufuatilia namba za NIDA za kitambulisho cha taifa, usafiri na kuprinti vilikula 310,000.

Kubwa ni hela ya hafla tuliyoipeleka kwenye kuwafundisha vijana kazi, maana nimesemwa sana kwenye grupu na wengine wakalefti kabisa. Wazo lilikuwa langu na kamati ikalipitisha. Tuliahirisha hafla, zile 1,400,000 walizochanga watu 14 tukaziunganisha na ada za wanachama, tukawapeleka vijana 8 gereji na kwa wachomeleaji pale eneo la Gerezani, Dar, kwa wiki 12. Kila mmoja elfu 5 kwa siku ya nauli na chakula, siku 6 kwa wiki, jumla 2,880,000. Kuna mtu aliuliza kwanini tunalipia watu kula. Ndugu zangu, fundi anampokea kijana bure ila hamlishi, na kijana wa Mbagala akikosa nauli wiki ya pili humuoni tena, miaka yote tumewapa semina za CV wanarudi kijiweni nawapita hapo kila siku roho inaniuma. Nafasi zenyewe nilizitafuta mimi, Jumamosi nne mfululizo nimezunguka kwa mafundi kwa mafuta yangu na sijadai hata mia.

Watatu mafundi wamewabakiza na wanalipwa kwa siku, mmojawapo binti yuko umeme wa magari, wawili wameingia chuo cha ufundi cha VETA, mmoja kahamia gereji nyingine, wawili waliacha. Kwahiyo mimi sijutii, ila kwenye wale 14 anayetaka mchango wake aniambie ntamrudishia kidogo kidogo toka mfukoni kwangu.

Ada sasa. Tuko 112, waliolipa ni 37, yaani 2,220,000 basi. Mkutano wa Juni tulikuwa 11 na wawili walikuja tunafunga, inaumiza sana. Ada yetu ni 60,000 na VETA mwanafunzi wa kutwa analipa hiyohiyo 60,000 kwa mwaka, nyie 75 mliobaki pigeni hesabu wenyewe ni vijana wangapi hao. Akaunti ina 430,000.

Mwakani Mungu akijalia wale wa gereji wakikomaa tuwapeleke VETA wapimwe ujuzi wao wa kazini wapate cheti, tarehe tutapanga. Hafla nayo tutaangalia. Mweka hazina anapokea ada kuanzia leo.