Barua ya wazi kwa vijana wetu mnaotafiti sumukuvu

Wanangu, salaam kutoka Dodoma.

Nimestaafu ubwana shamba, lakini bado naitwa mkutanoni kila mgeni wa chuo anapokuja kuomba mahindi ya kupima. Nimewaona wengi. Mnakuja na adabu zenu, mnajaza fomu, mnachota kilo moja moja kwenye vihenge, mnashukuru, mnaondoka. Majibu yanakwenda kwenye jarida na kwenye kongamano. Mwenye kihenge anabaki anakula mahindi yaleyale, hajui sumukuvu imo au haimo, yaani ile sumu ya kuvu, ukungu unaoota kwenye mahindi yasiyokauka vizuri.

Na hii sumu inaua. Mwaka 2016 tulizika watu kwa ajili yake katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Wenzetu wa Kenya, hasa Makueni na Kitui, iliwapiga mwaka 2004: wagonjwa 317, waliofariki 125. Haina harufu, na moto wa jikoni hauitoi. Mkulima hawezi kuitambua kwa macho. Anawategemea ninyi mliopima.

Kwa hiyo rudini. Na mkirudi, msianze kumhubiria mama mwenye mtoto mgongoni kwamba kiwango cha juu cha sumu hii kinachoruhusiwa Afrika Mashariki ni maikrogramu 10 kwa kilo. Ni kweli, lakini atapimia nini? Mpeni cha kufanya. Chukueni chupa kavu yenye mfuniko, tieni mahindi hadi theluthi, ongezeni vijiko viwili vitatu vya chumvi kavu, tikiseni dakika moja, iacheni itulie robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi hayajakauka, yarudi juani, juu ya turubai na si juu ya udongo. Nimeona wazee waliokuwa wanasinzia mkutanoni wakinyanyuka kuishika chupa hiyo. Mmoja aliondoka nayo kabisa.

Halafu, kaeni na wenzenu wa lishe kabla hamjaja. Wiki hii mmoja anasifu dona, wiki ijayo mwingine anasema koboeni, maana sumu nyingi hukaa kwenye ganda na kiini. Kila mmoja ana hoja yake, lakini mwanakijiji amfuate yupi? Anawaacha wote, anarudi kwenye mazoea yake. Tena akikoboa, pumba anampa ng'ombe, na sumu inatokea kwenye maziwa. Hilo silisikii likisemwa.

Kihenge cha mtu kikikutwa na sumu, mwambieni mwenyewe kwanza, pembeni. Yale mahindi ni akiba yake na ndiyo ada ya watoto. Mkimtaja hadharani hakuna atakayenunua hata debe moja, na mwakani hakuna atakayewafungulia mlango. Muwe pia mmeshaongea na halmashauri kuhusu atakula nini akiyatupa. Swali hilo atawauliza kabla hamjamaliza kueleza, na msipokuwa na jibu atayala tu.

Mahindi ya huku yanaanza kuvunwa Mei. Semina ya Septemba inakuta yameshaingia ghalani. Basi nauli ya kurudi iombeni tangu kwenye andiko la mradi, mje Aprili, na mumpigie mwenyekiti wa kijiji mapema ili tangazo lifike msikitini na kanisani.