Presha ya mama inakula magunia mangapi ya viazi?

Ndugu Mhariri,

Salamu kutoka Uyole, baridi ya huku mwaka huu sio ya kitoto. Naomba nafasi kidogo gazetini nitoe la moyoni kuhusu gharama za matibabu maana kijiweni nimeshaliongea mpaka wenzangu wakiniona wanahama benchi.

Wiki mbili zilizopita nilimpeleka mama hospitali, ana miaka 71, presha anayo na sukari anayo. Kufungua faili hela, kumuona daktari hela, daktari kaandika vipimo vinne, nikapewa kontrol namba nilipie kwenye simu, mtandao ukagoma, nikatoka getini kutafuta wakala, narudi foleni imeshanipita nakaa nyuma upya na mama kakaa kwenye benchi hajala toka jana usiku kwa ajili ya kipimo cha sukari. Nikauliza si kuna msamaha wa wazee wa miaka 60 na kuendelea wasiojiweza, nikaambiwa niende ustawi wa jamii, nimefika mlango umefungwa. Dirisha la dawa ndo kabisa, mbili zipo, ya tatu "kanunue nje". Jumla shilingi 86,000, nauli sijaweka.

Mi ni mkulima wa viazi, hesabu zangu nafanya kwa magunia, na gunia nalosema ni lumbesa, lile lenye kilemba juu, maana dalali halitaki lingine. Kipindi cha mavuno bei ikianguka hayo ni magunia mawili, kwa siku moja, na ni presha ile ile ambayo mwezi ujao itataka dawa tena.

Sasa kijiweni ukiuliza kwa nini matibabu ni ghali hivi kuna majibu mawili tu, "madaktari wezi" au "ah, maisha yamepanda". Yote mi nayakataa.

Mwaka 1984 nikiwa darasa la tano nilipasuliwa kidole tumbo hospitali ya wilaya, nililala siku tisa, baba hakutoa hata senti tano. Enzi zile matibabu ya serikali yalikuwa bure, na tangu 1977 sheria ilikataza hospitali za watu binafsi za kutafuta faida, zikabaki za serikali na za misheni. Ila nisiwadanganye vijana kwamba tulikuwa peponi. Baba hakulipa lakini alitumwa akatafute wembe na pamba, kabati la dawa lilikuwa jeupe, nchi ilikuwa imetoka vita vya Kagera na fedha za kigeni hakuna. Kwa hiyo gharama ilikuwepo siku zote, tofauti ni kwamba ilibebwa na serikali, na pale serikali iliposhindwa ilibebwa na mgonjwa mwenyewe kwa kukosa dawa na kufa kimyakimya, hiyo haiandikwi kwenye risiti.

Kwanza, kilichobadilika kikubwa ni 1991 watu binafsi waliporuhusiwa tena, halafu 1993 ukaja uchangiaji, yaani mgonjwa naye achangie gharama hospitali za serikali. Hapa ndo nataka tuangalie vizuri, maana neno lenyewe lilituvuruga. Mchango tunaujua, mchango wa harusi unapewa kadi, unatoa ulichonacho na usipotoa watakununia tu, ukumbi utaingia kwa ujanja wako. Huu wa hospitali usipotoa hupimwi. Ni bei, ila iliitwa mchango, na bei ikishaanza kukaa dirishani haishuki, kila mwaka inaongezewa kitu.

Pili, shilingi yetu. Dawa nyingi na mashine karibu zote zinatoka nje, zinanunuliwa kwa dola. Mwaka 1985 dola moja haikufika shilingi 20, mwaka 1993 ilikuwa imepita 400, leo ni elfu mbili na mamia juu yake. Yaani hata kama kidonge hakijapanda hata kidogo huko kinakotengenezwa, kwa mama yangu kimepanda. Afadhali Bohari ya Dawa wameweka kiwanda cha glavu pale Idofi, Makambako, tuone na dawa zenyewe zitafuata lini.

Tatu, matibabu yenyewe sio yale. Ndugu zangu wa Kyela wanaijua malaria kuliko sisi wa baridi, wataniunga mkono: zamani ilikuwa klorokwini, bei ya kutupa, inakuwasha mwili mzima usiku kucha lakini asubuhi unaenda shamba. Ikazoeleka na vimelea, 2001 ikaachwa tukahamia esipii, nayo ikazoeleka, mwishoni mwa 2006 ndo ukaja mseto wa dawa mbili, ambao ni ghali mara nyingi zaidi na bila wafadhili kubeba bei sijui nani huku angeumudu. Ugonjwa ule ule, mbu wale wale. Halafu zamani daktari alikugusa tumbo akakuandikia, leo kuna altrasaundi, kuna siti skani, na siwezi kuvilaumu kwa sababu vinaokoa watu, ila mashine ile inataka umeme, fundi na vipuri, na vyote vinaishia kwenye karatasi yako.

Na nne, ambayo watu hawaitaji kabisa, magonjwa yamebadilika. Kidole tumbo unakatwa unarudi nyumbani mmeachana. Presha na sukari ukishaanza ni mpaka kaburini, kila mwezi, mvua ije isije.

Utaniambia kata bima. Watumishi wao wana yao tangu 2001, inakatwa asilimia 3 kwenye mshahara na mwajiri anaweka 3, hata hausikii. Sisi wakulima tuliletewa CHF, yaani mfuko wa afya ya jamii, ikaanzia Igunga 1996, ikaboreshwa 2018 tukaambiwa 30,000 kwa kaya ya watu sita, na mi nilikata. Shida ni kwamba wengi tunakata tukishaumwa, mfuko unapungua, na ukifika na kadi unaambiwa dawa hamna, mwakani hukati, unazidi kupungua. Novemba 2023 Bunge likapitisha sheria ya bima ya afya kwa wote, sawa, naiunga mkono kwa mikono miwili, ila ombi langu ni moja: mkulima msimdai Februari. Februari nina mbolea na dawa ya ukungu, mfukoni hamna kitu. Mtudai sokoni, siku gunia linapopanda kwenye lori, hata mkikata kidogo kidogo kwa kila gunia tutatoa, si ushuru tunatoa?

Jana nilihesabu vidonge vya mama, vilitakiwa viwe vimepungua zaidi, nikakuta vimebaki vingi. Kumuuliza, anasema anameza siku moja anaruka siku moja, ili vifike mpaka viazi vichimbwe.

Nimeanza kuchimba leo, havijakomaa vizuri.

Mkulima wa viazi,
Uyole, Mbeya