Nia nilikuwa nayo, nilichokosa ni wa kunigongea dirisha

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika kwenye ukurasa huu wiki mbili zilizopita kwamba sisi wanene tatizo letu ni kukosa nia. Kwa maelezo yake, mtu akiamua leo kufunga mdomo, mwezi ujao tutamwona mwembamba. Na barua yake, Mhariri, mliiweka ubavuni mwa tangazo la chai ya kuyeyusha tumbo kwa siku saba. Nimezisoma zote mbili nikiwa nimekaa kwenye cherehani, nikaona bora nami nishike kalamu.

Mimi ni fundi nguo, nashona Ngamiani hapa Tanga tangu mwaka 1998, na sasa nina miaka 51. Ukitaka kujua mtaa umenenepa kiasi gani, njoo kwangu. Ninazo kaunta buku saba za vipimo. Mteja aliyeanza kwangu na kiuno 32 mwaka 2006, leo namwandikia 39, na hayuko peke yake. Majina sitaji, maana fundi anayetoa nje vipimo vya wateja ajiandae kufunga kibanda. Lakini katika kaunta buku zote hizo, kiuno ambacho hakikuandikwa hata mara moja ni changu.

Wenzangu wanaonunua suruali dukani huambiwa ukweli na kifungo. Mimi zangu najishonea. Ikibana, nafumua mshono wa nyuma, natoa kitambaa nilichoachia ndani, maisha yanaendelea. Akiba ya mshono ikiisha nashona nyingine na kuiwekea mpira ubavuni. Ijumaa navaa kanzu, na kanzu haina ugomvi na tumbo la mtu. Miaka ikaenda hivyo. Mwaka 2014 nikafunga mota kwenye cherehani, nikaacha kukanyaga. Baiskeli nikamuuzia kijana wa Makorora, nikawa mtu wa bajaji. Mtu wa Tanga kuuza baiskeli ni msiba mdogo, ila wakati ule niliona nimepanda cheo.

Februari mwaka jana kichwa kiliniuma siku nne mfululizo, nikaenda kituo cha afya. Presha 158 juu ya 96. Uzito kilo 104. Urefu sentimita 172. Muuguzi akagawanya kilo zangu kwa 1.72 mara 1.72, ikaja 35, akanieleza kwamba kuanzia 25 mtu amezidi uzito na kuanzia 30 ndiyo unene wenyewe. Kisha akatoa futikamba. Nikacheka, nikamwambia hiyo ndiyo kazi yangu. Akasema, "Basi leo kaa upande wa mteja."

Hapo nilijifunza kitu cha ufundi wangu mwenyewe. Wanaume wengi huniambia wanavaa 36 kwa sababu suruali wameifungia chini ya tumbo. Kipimo cha muuguzi kinapita katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, na pumzi umeitoa, hujavuta tumbo ndani. Kwa mwanamume, akasema, hatari inaanza kiuno kikipita sentimita 94, na kikipita 102 inakuwa kubwa. Kwa mwanamke ni 80 na 88. Akili ya fundi haitembei kwa sentimita, nikageuza palepale kichwani: inchi 37 na inchi 40 kwa sisi wanaume. Mimi nilikuwa 46.

Sasa nirudi kwenye nia. Mwaka 2016 nilinunua unga wa majani kwa mtu aliyekuwa anautangaza kwenye simu, nikaharisha wiki mbili, kilo nne zikaondoka, na mwezi uliofuata zikarudi na wageni. Mwaka 2019 niliacha kula usiku kabisa. Siku ya tisa nikaamka saa saba nikamaliza kiporo cha wali peke yangu jikoni, gizani, kama mwizi. Mwaka 2022 niliamka alfajiri nikakimbia kuelekea Raskazone. Kufika Bombo magoti yakagoma, nikarudi kwa bajaji. Mtu asiye na nia hafanyi mambo hayo. Nia ilikuwepo, tena ya kuuza. Ila mara zote tatu hakuna aliyejua ninachofanya, na nilipoacha hakuna aliyejua nimeacha.

Yule muuguzi hakunipa orodha ya vyakula vya kuogopa. Alisema tuanze na kilo tano tu, kwa sababu mtu mnene akipunguza hata asilimia tano ya uzito wake, presha na sukari huanza kupata nafuu. Halafu akauliza swali ambalo sijawahi kuliona kwenye tangazo lolote: "Nyumbani unakula na nani, na nani anapika?"

Anapika mke wangu, na tunakula sinia moja, sisi na watoto na yeyote aliyebisha hodi. Jioni ile nikamwambia kwamba mafuta na nazi vipungue. Mhariri, nilikosea pa kuanzia. Akaweka mwiko chini, akaniuliza, "Baba watoto, miaka ishirini na minne nakupikia, leo chakula changu kimekuwa sumu?" Siku mbili hatukusemezana vizuri. Siku ya tatu nikamwonyesha cheti cha presha na futikamba, nikamwomba anipime yeye mwenyewe. Alipima mara mbili akidhani kamba imepinda. Hakusema neno. Kesho yake mchicha uliungwa kwa tui la pili, jepesi, lile la kwanza akaliacha kwa siku ya Ijumaa. Mpaka leo ndiyo sheria ya nyumba. Mafuta anapima kwa kijiko, wakati zamani tulikuwa tunamimina kwa macho. Akanitenga pia kwenye sinia, jambo lililoniuma kuliko nilivyotarajia: sahani yangu, nusu yake mboga, ugali au wali kiasi cha ngumi. Kwenye sinia hujui umekula kiasi gani, unajua tu kwamba limekwisha. Watoto wanasema naonekana kama mgeni wa heshima.

Soda nilikuwa nakunywa mbili kwa siku pale kwenye cherehani. Muuguzi aliniambia soda ya mililita 350 inaweza kuwa na sukari gramu 35 hadi 40, yaani vijiko tisa vya chai. Chai yangu ilikuwa na vijiko vinne na nilijiona nina kiasi. Hili halikunipa shida kubwa. Shida ilikuwa barazani, kwenye kahawa ya jioni, ambako kashata nne zilikuwa zinapita mdomoni wakati wa kubishana mpira bila mimi kuhesabu. Nikamweleza muuza kahawa. Tangu siku hiyo sahani ya kashata ikifika kwangu anaipitisha kwa wa pili kama vile sipo. Wenzangu walicheka wiki moja, wakachoka.

Lakini kilichonifikisha hapa nilipo ni dirisha. Jirani yangu ni mzee mstaafu wa reli, ana kisukari, naye aliambiwa atembee. Tulikubaliana msikitini: baada ya sala ya alfajiri tunatembea nusu saa, siku tano kwa wiki. Hizo ndizo dakika 150 wanazozisema watu wa afya. Hatukimbii. Tunapita barabara zetu za namba, tunafika Mkwakwani, tunageuza. Yeye anasimulia habari za treni za zamani, mimi nasikiliza, kwa sababu ukitembea na mzee kazi yako ni kusikiliza. Siku ambayo sikuonekana msikitini, anakuja kugonga dirisha. "Fundi, kumekucha." Basi, maneno yake ni hayohayo.

Miezi sita ya kwanza nilipungua kilo nane. Kisha ikaja harusi ya binti yangu. Nilishona nguo za sare usiku na mchana wiki tatu, nikala pilau la shughuli na la baada ya shughuli, nikanywa soda za watu, na matembezi nikayaacha. Nilipopanda mizani, kilo tatu zilikuwa zimerudi. Zamani safari ingeishia hapo, maana ningeona aibu kujitokeza. Nikaanza hata kusali alfajiri nyumbani ili nisikutane na mzee. Asubuhi ya nne akagonga. Sikuitika. Akagonga tena, akasema, "Fundi, leo kuna upepo mzuri." Nikatoka. Hakuniuliza kilo ngapi, wala nilikuwa wapi. Akaanza palepale alipokuwa ameishia kuhusu ajali moja ya treni.

Mke wangu naye na wenzake wa kikoba waliona mambo yetu, wakaamua kupimana viuno kila mwezi. Futikamba niliwapa mimi. Walichokosea mwanzo ni kuweka faini: anayeongezeka inchi anatoa shilingi 1,000. Mwezi wa pili wanawake sita hawakutokea, na si kwamba walikuwa wanaumwa. Hao sita ndio waliohitaji kikao kuliko wote. Wakaifuta faini ile, wakaweka nyingine: asiyefika kikaoni ndiye anayetozwa, na kipimo cha mtu anakijua mwenyewe na anayempima. Sasa wanafika wote. Wengine wamepungua, wengine wako palepale, mmoja ameongezeka na bado anakuja. Nimeona nilieleze hili kwa kirefu kwa sababu ndilo jibu langu kwa msomaji mwenzangu. Barua yake ilikuwa faini ya namna ile ya kwanza. Anadhani anawatia watu moyo, kumbe anawafukuza kikaoni.

Kuna na faini nyingine tunatozana huku uswahilini. Mtu akipungua, swali la kwanza ni "Mbona umekonda, unaumwa?" Mwezi wa tano dada yangu alifika ghafla kutoka Muheza na machungwa nusu gunia na kuku wawili. Alikuwa amesikia habari zangu kwa watu. Akanivuta pembeni, machozi yanamlenga, "Kaka, mimi ni damu yako, usinifiche. Umepima?" Nikamwambia nimepima: presha, sukari, kiuno, vyote. Kila siku ya kukaa kwake alinipikia wali wa tui zito nirudishe afya, na mke wangu hakuweza kumkatalia wifi yake. Nafahamu hofu ile inatoka wapi, tumezika watu wengi waliokonda. Ila mteja wangu mmoja, mama mtu mzima, aliacha mazoezi kabisa kwa sababu ya maneno hayo. Alipunguza inchi tatu, akazirudisha kwa makusudi ili watu wanyamaze. Nilimpanulia magauni yake mwenyewe.

Nina maombi mawili. Kwako, Mhariri: ukurasa wa afya uutenge na matangazo ya chai na vidonge vya kuyeyusha tumbo, au angalau msiyaweke ubavuni mwa barua ya kutukemea. Mtu akishasoma kwamba hana nia, pembeni anauziwa nia kwa shilingi 45,000. La pili ni kwa viongozi wa mitaa: taa. Sisi wanaume tunatembea alfajiri kwenye giza na kelele pekee tunayoisikia ni ya majogoo. Wake zetu walijaribu mara mbili, ya kwanza wakakimbizwa na mbwa, ya pili vijana wa bodaboda wakawapigia honi na kuwaita vibonge. Sasa wanazunguka uani, mizunguko arobaini, kama wafungwa. Taa nne tu zingetosha kuwafikisha barabara kubwa.

Msomaji ataniuliza nimefika wapi. Leo nina kilo 91. Ukigawanya kwa ile hesabu ya muuguzi inakuja 30 na ushee, kwa hiyo kwa vitabu vyao bado mimi ni mnene. Presha imeshuka, mara ya mwisho ilikuwa 136 juu ya 86, na dawa bado nameza kwa sababu aliyeniandikia hajaniambia niache. Kiuno ni 41. Kilo 13 kwa miezi kumi na sita. Wa chai ya siku saba atanicheka.

Mota ya cherehani nimeifungua, nakanyaga, ingawa mafundi wenzangu wanasema nachelewesha kazi za watu, na ni kweli nachelewesha. Baiskeli bado sijarudisha. Yule kijana wa Makorora anaitaka bei ambayo mimi sikuipata. Suruali ya 46 iko juu ya kabati. Mke wangu anataka aikate iwe matambara ya kufutia mafuta ya cherehani, nami nimemwomba asubiri kwanza Ramadhani ipite, maana futari ya mihogo ya nazi naijua. Mpya niliyojishonea juzi ni 41, na ndani ya mshono wa nyuma nimeachia inchi moja.

Wako,
Fundi wa Ngamiani,
Tanga