Laptopu Inajizima Tangu Uhamie Windows 11? Usikimbilie Kufomati

Mwezi wa kumi na moja, mvua za vuli zikiwa zimeshika, mwalimu mmoja wa sekondari kutoka pande za Ahero alipanda ngazi za duka letu hapa mjini Kisumu akiwa amebeba laptopu iliyofungwa kwa leso. Hata kiti hakukikalia vizuri. "Fundi, alama za Kidato cha Tatu zote zimo humu," akasema, "na kila nikifika kwa mwanafunzi wa thelathini hivi, inajizima."

Shida ilianza wiki ile ile aliyohamia Windows 11. Alikuwa ameshapita kwa fundi mwingine, akafomatiwa mashine mara mbili, yaani kila kitu kikafutwa na Windows ikawekwa upya. Mara zote mbili ilirudi nyumbani safi kama mpya, ikatulia kidogo, kisha ikarudia ukorofi wake. Alichopata ni kupoteza picha za arusi ya dadake.

Tulimwuliza swali tunalomwuliza kila mtu kabla hata ya kuigusa mashine: inajizima lini? Si "inafanya nini", ni lini. Akafikiri. Ikiwaka asubuhi haina neno. Mchana, ofisini kwa walimu chini ya mabati, inakaa dakika ishirini tu. Usiku inavumilia, na mara moja alisahihisha mpaka saa sita bila tatizo. Wala hakuna maandishi yoyote yanayotokea. Skrini inakuwa giza ghafla, kama taa iliyozimwa na mtu.

Hapo jibu lilikuwa limeshatoka kinywani mwake mwenyewe. Tulifungua kifuniko cha chini. Kati ya feni na yale mapezi madogo ya shaba ya kutolea joto palikuwa na kitu kama kipande cha blanketi: vumbi lililoshikana, na ndani yake mabawa ya wale wadudu wa ziwani wanaovamia taa zetu jioni. Ukikaa karibu na ziwa unawajua. Pasta ya kupitishia joto iliyo juu ya prosesa, ule ubongo wa mashine, ilikuwa imekauka, ukiikwangua inadondoka kama chokaa ya ukutani. Kabla ya kusafisha, prosesa ilikuwa inafika nyuzi 97 za Selsiasi kwa kazi ndogo tu, na mashine hujizima yenyewe joto likizidi ili isiungue. Baada ya kupuliza vumbi na kuweka pasta mpya, tuliiachia kazi nzito saa nzima ikabaki kwenye 71. Windows hatukuigusa.

Sasa mtu atauliza, na mwalimu aliuliza: mbona ilianza siku alipohamia Windows 11? Kwa sababu mfumo mpya ukiingia, siku ya kwanza na ya pili haupumziki. Unapanga upya orodha ya mafaili yako yote ili uweze kuyatafuta, unashusha masasisho, unakagua virusi, unatafuta draiva (programu ndogo zinazoiwezesha Windows kutumia vifaa vya mashine). Prosesa iliyozoea kusinzia inapandishwa mlima. Uchafu ulikuwepo tangu zamani. Kazi ndiyo iliyoongezeka. Na kila ukifomati unaurudisha ule mlima mwanzo.

Wateja wa aina hii wameongezeka tangu 14 Oktoba 2025, siku Microsoft ilipoacha kuihudumia Windows 10 bila malipo. Wengi waliambiwa kuwa laptopu zao zitakufa siku hiyo. Hazikufa. Windows 10 inaendelea kuwaka. Kinachokosekana ni viraka vya usalama, na hata hivyo watu binafsi waliwekewa mpango wa nyongeza wa mwaka mmoja, hadi 13 Oktoba 2026, ambao unajiandikisha ndani ya mipangilio ya masasisho. Kwa hiyo hakukuwa na haja ya kuhamia kwa pupa, hasa kwa mashine ambayo haikukusudiwa kuhama.

Na hapa ndipo penye kiini cha jambo kwa sisi wa Kisumu, Kakamega, Busia na Kisii. Laptopu nyingi tunazotumia ni hizi za mtumba, zile tunazoita ex-UK. Ni mashine imara, sisi wenyewe tunazipenda. Lakini Microsoft ilipotoa Windows 11 mwaka 2021, iliweka masharti: prosesa ya Intel ya kizazi cha nane au zaidi, RAM (kumbukumbu ya kazi) ya GB 4 kwenda juu, nafasi ya GB 64, na chipu ya usalama ya TPM 2.0. Kujua kizazi cha mashine yako si kazi. Soma jina la prosesa. Ikiwa ni i5-6300U, hiyo 6 baada ya kistari ni kizazi cha sita. i5-8250U ni cha nane. i5-1135G7 ni cha kumi na moja. Ile HP EliteBook 840 G3 iliyojaa kila ofisi mjini ni kizazi cha sita. Ndugu yake 840 G5 kwa kawaida ni cha nane.

Kizazi cha sita kinaweza kuwekewa Windows 11 kwa flashi iliyotengenezwa kuruka masharti, na mafundi wengi wanafanya hivyo. Hatusemi ni dhambi, hata sisi tumefanya kwa mteja aliyesisitiza. Ila ujue ulichonunua: mtengenezaji wa laptopu hakuwahi kukuandikia draiva za mfumo huo, na Microsoft haikuahidi lolote. Ikikwama, huna wa kumlalamikia. Zile za kale zaidi, za Core 2 Duo, hazina mjadala kabisa. Toleo la Windows 11 liitwalo 24H2 haliwaki juu yake hata ufanyeje, kwa kuwa prosesa zenyewe hazielewi amri ambazo mfumo unazihitaji.

Tuje kwa draiva, maana baada ya joto, hili ndilo kundi kubwa la matatizo. Dalili yake ni hii: unafunga kifuniko uende kula, unarudi, unafungua, na mashine inakupokea kwa skrini ya bluu. Au inaganda ukiunganisha projekta. Au Wi-Fi ikiwaka tu, mambo yanaharibika. Skrini ile ya bluu (katika matoleo ya karibuni ya Windows 11 imekuwa nyeusi, usishangae) huwa na maneno chini yake yaliyounganishwa kwa vistari. Ukiona DRIVER_POWER_STATE_FAILURE, kuna draiva iliyoshindwa kulala au kuamka. Ukiona VIDEO_TDR_FAILURE, ni ya picha. Mara nyingi maneno hayo yanapita haraka kabla hujayasoma. Weka simu irekodi video ya skrini mpaka tatizo litokee, kisha uje na hiyo video. Imetuokolea saa nyingi kuliko kifaa chochote tulichonunua.

Draiva nzuri hutoka kwenye tovuti ya mtengenezaji wa laptopu yako, kwa jina kamili la modeli. Zile programu za bure zinazojigamba kukusasishia draiva zote kwa mbofyo mmoja, tafadhali ziondoe. Tumekuta laptopu ya modeli moja imewekewa draiva ya sauti ya modeli nyingine, na programu yenyewe bado inadai malipo.

Kuna jambo dogo hapa ambalo hata watu wa kompyuta hulisahau. Kwenye Windows 10 na 11, ukichagua Shut down, mashine huwa haijazima kabisa; inahifadhi kiini cha mfumo kwenye diski ili kesho iwake upesi. Draiva iliyochanganyikiwa jana inaamka kesho ikiwa bado imechanganyikiwa. Ndiyo maana mteja anaapa kuwa "nimezima na kuwasha mara kumi" na hakuna kilichobadilika, naye anasema kweli. Chagua Restart. Hiyo ndiyo inayoanza upya kwelikweli.

Ikiwa mashine haifiki hata kwenye ukurasa wa kuingia, iwashe, na nembo ya Windows ikitokea shikilia kitufe cha kuwashia mpaka izime. Rudia hivyo mara mbili au tatu, nayo italeta yenyewe ukurasa wa matengenezo. Humo unaweza kuingia katika hali salama, ambayo Windows inaiita Safe Mode na ambayo huwasha vitu vya lazima tu. Ikitulia humo na kusumbua nje, basi draiva au programu fulani ndiyo yenye kesi, na mara nyingi ni antivairasi ya zamani iliyovuka pamoja nawe kutoka Windows 10. Kwenye ule ukurasa wa matengenezo pia pana mlango wa kurudi Windows 10. Lakini mlango huo una siku 10 tu tangu uhame. Mfumo wa zamani umehifadhiwa kwenye folda iitwayo Windows.old, na kuna watu huifuta siku ya pili kwa sababu "inakula nafasi". Subiri siku hizo kumi zipite kwanza, ndugu yangu.

Kisha kuna zile zisizo na mpangilio. Mama mmoja mwenye saiba Kondele alituletea mashine akisema ina mapepo. Leo skrini ya bluu inaandika MEMORY_MANAGEMENT, kesho IRQL_NOT_LESS_OR_EQUAL, keshokutwa kitu kingine, wakati mteja wake yuko katikati ya fomu za eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Msimbo ukibadilika kila siku, sisi huacha kuitazama Windows tukatazama vyuma. Mashine yake ilikuwa na RAM mbili, ya GB 8 na ya GB 4 iliyoongezwa baadaye. Tukatoa moja, tukaijaribu nyingine peke yake, tukabadilishana. Ya GB 4 ndiyo iliyokuwa mbovu. Windows 10 ilikuwa haiifikii sana; Windows 11 inakula RAM zaidi, ikalifikia lile eneo bovu kila siku. Kabla ya kuihukumu tuliisugua meno yake ya dhahabu kwa ufutio wa kawaida wa mwanafunzi, kwa sababu unyevu wa hapa huweka utando mwembamba wa uchafu na mara nyingine hiyo pekee inatosha. Safari hii haikutosha. Aliondoka na RAM moja ya GB 8 na mashine imetulia.

Unaweza kuipima RAM mwenyewe nyumbani: bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika mdsched.exe, uiache ifanye kazi. Na ukitaka kuona historia ya maradhi, mahali hapo hapo andika perfmon /rel. Italeta kalenda yenye alama nyekundu kila siku iliyoanguka, na programu zilizowekwa siku hiyo.

Kuna amri mbili ambazo vijana wengi wanazijua, sfc /scannow na ile ya DISM. Hurekebisha mafaili ya Windows yaliyoharibika, kwa mfano stima ilipokatika katikati ya kuhamia mfumo mpya na betri ikiwa imekufa. Ni nzuri kwa kazi hiyo. Haziponyi joto, RAM wala diski inayokufa, hata uziandike mara ishirini.

Juu ya diski, neno moja tu: ukisikia inagonga ndani, zima. Usijaribu chochote. Kila dakika unayoiwasha inapunguza tutakachookoa.

Kabla hujamkabidhi fundi yeyote, sisi tukiwemo, hakikisha unajua kama diski yako imefungwa kwa BitLocker, ile kufuli ya Windows inayoficha mafaili kwa msimbo. Kuna laptopu ambazo zimejifunga zenyewe bila mwenyewe kujua, hasa ukiingia kwa akaunti ya Microsoft. Siku fundi akibadilisha kitu kwenye BIOS (mipangilio ya msingi ya mashine), mashine itadai ufunguo wa tarakimu 48. Mara nyingi ufunguo huo umehifadhiwa kwenye akaunti yako, fungua aka.ms/myrecoverykey kwa simu uuandike kwenye daftari. Bila huo, hakuna fundi wa Kisumu wala wa Nairobi atakayekufungulia mafaili, na anayekuambia anaweza anataka pesa yako.

Kwetu, uchunguzi ni shilingi 500, na tukitengeneza hizo 500 zinahesabiwa ndani ya bei. Hatufomati bila wewe kutia sahihi kwamba mafaili yako yako salama mahali pengine. Kusafisha feni na kubadilisha pasta ni kazi ya saa moja, unaweza kusubiri. RAM na draiva, tuachie siku moja ili tuiache iwake usiku kucha tuone. Ikiwa mashine yako ni ya kizazi cha sita na tatizo ni draiva zisizokuwepo, tutakushauri urudi Windows 10 huku ukijiandaa kununua nyingine, hata kama ushauri huo hautuingizii kitu.

Njoo na ile video ya skrini, paswedi yako, na chaja unayoitumia kila siku. Si ya jirani: ile yako yenyewe, hata kama waya wake umefungwa kwa selotepu. Nayo tutaipima.