Barua ya malalamiko: bafle (spika) ya wati 1,200 iliyoungua kwenye feti (sherehe) ya kwanza

Lubumbashi, tarehe 8 Septemba 2025

Kwa Bwana Meneja,
Duka la vyombo vya sono (mitambo ya sauti),
Lubumbashi

YAH: BAFLE ILIYOUNGUA, MIKRO (MAIKROFONI) ZINAZOGOMBANA NA GARANTI (DHAMANA) ILIYOKATALIWA

Bwana Meneja,

Salamu kwako na kwa wafanyakazi wote wa dukani. Mimi ni yule kijana wa Katuba niliyekuja kwenu Alhamisi tarehe 7 Agosti na dola 690 ndani ya bahasha. Huenda mnanikumbuka kwa sababu noti zangu tatu mlizikataa, eti zimechanika pembeni kidogo, nikakimbia kwa wabadilisha pesa na kurudi jasho likinitoka. Siku ile duka lenu lilichunguza pesa yangu noti kwa noti, kwenye mwanga. Laiti na mimi ningeichunguza mali yenu hivyo.

Pesa hiyo ilikuwa zamu yangu ya likelemba (mchezo wa upatu), nikajazia na simu yangu niliyoiuza. Nilimweleza muuzaji wenu bila kuficha kitu: ndiyo kwanza naanza kazi ya DJ wa ndoa, kompyuta ninayo, kontrola ninayo (ya mtumba, kitufe kimoja kimekufa), ninachokosa ni sono yenyewe. Feti ya kwanza ni Jumamosi tarehe 16, ndani ya lupango (ua wa nyumba), chini ya mahema, wageni 150. Je, bafle mbili zitatosha? Akalipiga boksi kofi, pale palipoandikwa 1,200 W kwa herufi nene kuliko jina la waliolitengeneza, akasema: "Hii itaimba paka asubui, mukubwa," yaani mpaka asubuhi. Fakture yenu (karatasi ya mauzo) inaonyesha bafle mbili dola 460, mikseri 95, mikro mbili zisizo na waya 60, kebo 45 na stendi 30.

Saa za chakula hapakuwa na shida. Rumba ya polepole, sauti ya chini, watu wanakula. Kisha maharusi wakaingia. Unajua kwetu maharusi hawaingii kwa kutembea, wanaingia kwa kucheza: hatua mbili mbele, moja nyuma, wasimamizi wakiwafuata, na meta ishirini zinaweza kumaliza nyimbo tatu. Wimbo ukafika kwenye seben, ile sehemu ya gitaa ya kuchezea, gitaa likapanda, akina mama wakasimama na vitambaa vyao, na wale wa hema la nyuma wakaanza kunipungia mikono kwamba hawasikii. Nikapandisha. Bafle ya kulia ikaanza kukwaruza kama bati linaloburutwa juu ya sementi, halafu ikatoa mlio mfupi, na gitaa likapotea upande ule wote. Ikabaki besi tupu, kama mtu anayeongea amezibwa mdomo na mto. Bibi arusi alisimama katikati ya hatua. Shangazi yake akaja mpaka mezani kwangu akaniuliza, kwa upole kabisa, DJ mwenyewe atafika saa ngapi.

Mkubwa mmoja wa sono, jirani wa pale, alikubali kuleta bafle yake kwa pikipiki, dola 25. Na familia tulikuwa tumepatana dola 120. Walishanipa avansi ya 50, na usiku ule, badala ya 70 zilizobaki, baba wa bwana arusi alinipa 20. Sikubishana naye. Ningekuwa yeye, pengine hata hizo 20 nisingetoa.

Jumatatu tarehe 18 niliwaletea bafle. Fundi wenu aliifungua mbele yangu, akachomoa twita, kile kispika kidogo cha sauti kali: koili nyeusi kama kiberiti kilichokwisha kuwaka, na harufu ya kuungua ikajaa kaunta. Jibu mlilonipa ni maneno matatu, "Umepandisha sana, kijana," na kwamba garanti ya miezi mitatu haihusu mteja anayeunguza mwenyewe.

Nakubali sehemu yangu. Taa nyekundu ya mikseri ilikuwa inawaka na nikaendelea kusukuma. Nimejifunza baadaye kwamba hapo wimbi la sauti linakatwa kichwa, na ule mkato unazaa sauti kali nyingi ambazo zote zinakwenda kwenye twita, chombo kidogo kuliko vyote ndani ya bafle. Mtu mwenye uzoefu angeshusha, akawaacha wa hema la nyuma walalamike. Lakini boksi lenu linatangaza kwamba bafle ina kizuizi chake ndani cha kuilinda ikizidiwa, chenye taa yake nyuma. Taa hiyo haikuwaka hata mara moja, na wapiga picha wa feti wana video ya mgongo wa bafle hiyo mpaka dakika ilipokufa (walikuwa wananirekodi mimi, siyo bafle, lakini inaonekana vizuri). Kwa hiyo ama kizuizi hakifanyi kazi, ama hakimo.

Halafu kuna hizo wati. Nyuma ya bafle, chini ya tundu la waya wa umeme, kuna kibandiko ambacho nilikisoma kwa kukimulika: 300 W za mfululizo. Ile 1,200 ni ya kilele, yaani ya kufumba na kufumbua. Mafundi wa sauti wanajua kwamba ukizidisha nguvu mara nne unapata desibeli 6, na kwamba nje, pasipo kuta, umbali ukizidi mara mbili unapoteza desibeli 6 hizohizo. Maana yake ni hii: kwa nguvu niliyouziwa kwa mdomo, mgeni wa meta 16 angesikia kama anavyosikia sasa mgeni wa meta 8. Hema la nyuma lilikuwa kwenye meta 15 hivi. Muuzaji wenu nilimwambia lupango, nikamwambia mahema, nikamwambia watu 150. Kama angenionyesha kile kibandiko, ningenunua bafle moja kubwa, au ningekodi sono yote kwa siku ile na kuweka pesa yangu kwanza. Mtu mwenye vyombo vingi anaweza kukosea ununuzi mmoja akaendelea. Mimi nilikuwa na ununuzi mmoja tu.

Mikro sizirefushii maneno. Zote mbili ziko kwenye masafa yaleyale, hazibadilishiki. Pasta akiwasha ya kwake, ya msemaji wa feti inakatika. Sala ya chakula ilisomwa nusu. Na kebo mlizoandika kwenye fakture "shaba tupu": nimekwangua waya kwa wembe, nje mwekundu, ndani mweupe unaong'aa. Ni alumini iliyopakwa shaba. Ingekuwa imeandikwa hivyo na bei yake ikawa hiyo, nisingesema neno.

Ninachoomba ni hiki. Bafle ya kulia itengenezwe bila malipo na kizuizi chake kipimwe mbele yangu, au nipewe nyingine. Kama hamna, nirudishiwe dola 230. Mikro moja ibadilishwe kwa ya masafa tofauti. Dola 45 za kebo zirudi. Dola 50 nilizopunguziwa na 25 nilizolipa jirani siziwekei dai, ingawa mkiguswa na moyo wenu sitakataa.

Jirani yangu anayesomea sheria Unilu (Chuo Kikuu cha Lubumbashi) amenionyesha kwamba Dekreti ya tarehe 30 Julai 1888 juu ya mikataba inamtaka muuzaji awajibike kwa kasoro iliyofichika ndani ya kitu alichokiuza. Sheria hiyo ina umri kuupita mji wetu, ulioanza 1910, na alinihakikishia kwamba bado ina nguvu. Sipendi tufike huko. Duka lenu liko njiani kwangu, na DJ yeyote wa Katuba akiniuliza nilinunua vyombo wapi nitalazimika kumjibu kitu.

Nina ndoa nyingine Jumamosi tarehe 27 Septemba, ukumbini safari hii, wageni 80. Avansi nimeshaipokea. Naomba jibu lenu kabla ya tarehe 20 ili nikikosa bafle niwahi kukodi. Nimeambatanisha nakala ya fakture, picha ya kibandiko na kipande cha kebo nilichokikwangua. Bafle yenyewe iko kwenu tangu tarehe 18 Agosti, chini ya meza ya fundi upande wa dirisha, na karatasi niliyopewa ya kuiacha haina mhuri. Naomba muigonge mhuri hata kabla hamjaamua lingine lolote.

Wenu mteja,

DJ wa Katuba, mwenye fakture ya tarehe 7 Agosti 2025