Usikirembe Kitabu Chako cha Katuni Kabla ya Kukipeleka Kupimwa

Wateja wengi wanaotuletea vitabu vya zamani vya katuni za mashujaa, ili tuwasaidie kuvipeleka kupimwa, huwa wamekwisha kuvishughulikia wenyewe: wamepaka wino mweusi pale rangi ilipochubuka mgongoni, wamegundisha mpasuko, au wamekata kingo zilizochakaa ili zinyooke. Wamefanya hivyo kwa mapenzi, na hutuuma sana kuwaeleza kwamba huenda wamepoteza sehemu kubwa ya thamani ile ile waliyotaka kuilinda.

Kampuni ya CGC ya Marekani, iliyoanza kazi ya kupima vitabu vya katuni mwaka 2000, hukipa kila kitabu alama ya hali yake kati ya 0.5 na 10.0, kisha hukifungia ndani ya kasha gumu la plastiki lenye lebo na namba ya uthibitisho. Macho ya wengi hukimbilia alama, lakini sisi humwomba mteja atazame kwanza rangi ya lebo. Ya bluu ni ya kitabu ambacho hakijakarabatiwa. Ya zambarau ni ya kitabu kilichokarabatiwa, yaani kilichopakwa wino, kugundishwa au kukatwa kingo kama tulivyotaja. Vitabu viwili vya toleo moja, vyote vikiwa na alama 9.0, haviuzwi kwa bei moja ikiwa kimoja kina lebo ya zambarau, na mara nyingi pengo ni kubwa mno, kwa sababu mnunuzi wa kitabu adimu hulipia uhalisi wake. Nakala ya Action Comics namba 1, toleo ambamo Superman alitokea kwa mara ya kwanza na lililouzwa kwa senti 10 mwaka 1938, ilifikia dola milioni 3.2 mwaka 2014 ikiwa na alama 9.0; mwaka 2024 nakala nyingine, yenye alama 8.5, ilinunuliwa mnadani kwa dola milioni 6. Zote mbili zilikuwa hazijakarabatiwa.

Tusidhani kwamba wapimaji hawataona. Wino wa kalamu hupenya hadi upande wa ndani wa jalada, na ukingo uliokatwa karibuni huwa msafi kuliko karatasi iliyozeeka pembeni yake.

Selotepu ina hukumu tofauti: haihesabiwi kuwa ukarabati bali kasoro, kwa hiyo hushusha alama bila kubadilisha rangi ya lebo. Ikiwa ipo tayari, tafadhali usiibandue, maana huweza kung'oka pamoja na rangi ya jalada. Kunyoosha mikunjo kwa joto na unyevu, kazi ambayo mafundi huifanya kwa mashine maalumu, nako hakuhesabiwi kuwa ukarabati. Pasi ya nyumbani, hata hivyo, huunguza wino na kukausha karatasi, nasi tunakusihi usiijaribu kamwe.

Unachoweza kufanya salama ni kukiweka kitabu ndani ya mfuko wa plastiki angavu ya poliesta wenye ubao usio na asidi, kikiwa kimesimama, mahali pakavu, penye ubaridi na giza, kwa kuwa karatasi hizo za bei nafuu zina lignini, kijenzi cha asili cha mti, inayozigeuza njano, na pini zake hushika kutu penye unyevu.

Ikiwa kitabu kilikwisha kuguswa, tuambie kabla hatujakituma. Doa dogo la rangi wakati mwingine huweza kuondolewa na fundi bingwa, lakini ukingo uliokatwa haurudishiki, na katika hali hiyo tutakueleza wazi kama gharama ya kukipima italipa.